Uongo Nao Wahitaji Daftari

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa maoni yangu, uongo nao wahitaji daftari, ili ijulikane ulizuka lini, ulienezwa na nani, na ulifika wapi.

Tuchukue mfano wa Australia. Mwaka 2019 ulikuwa wa joto na ukame kuliko miaka yote iliyokuwa imepimwa nchini humo, na moto ukateketeza mamilioni ya hekta. Katika mtandao wa Twitter ikaenea alama ya reli, #ArsonEmergency, iliyotumiwa kudai kwamba chanzo cha msiba huo si mabadiliko ya tabianchi bali ni wachomaji wa makusudi. Tarehe 6 Januari 2020, polisi wa New South Wales walitangaza kuwa watu 183 wamechukuliwa hatua za kisheria. Idadi hiyo ikatangazwa kama hesabu ya wachomaji. Kumbe walioshtakiwa kwa kuwasha moto kwa makusudi walikuwa 24 tu. 53 walituhumiwa kukiuka amri ya kutowasha moto, na 47 kutupa sigara au kiberiti kinachowaka. Namba ilikuwa ya kweli. Maana yake ndiyo iliyopotoshwa.

Timothy Graham na Tobias Keller, wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Queensland, walichunguza maandishi yenye alama hiyo, wakakuta akaunti nyingi zenye dalili za kuendeshwa na mashine. Lakini kuhesabu alama si kuelewa. Matokeo yalipotangazwa, waliopinga uzushi nao waliitumia alama ile ile. Asiyesoma maandishi yenyewe angewahesabu wapinzani kuwa wafuasi. Tena, yaliyokwisha kufutwa hayaonekani kwa mtafiti ajaye.

Hapo ndipo penye hoja yangu. Mwaka 2023 Twitter, ambayo sasa huitwa X, iliwafungia watafiti mlango wa kupata kumbukumbu zake bila malipo. Hatungekubali vitabu vya vipimo vya mvua vifungiwe sandukuni na mfanyabiashara mmoja; basi kumbukumbu za upotoshaji wa habari za mvua na jua zisifungiwe vivyo hivyo. Hazina budi kuhifadhiwa mahali ambapo watafiti watazifikia, huku siri za watu binafsi zikilindwa.

Nanyi walimu na wanafunzi, namba iletwapo mbele yenu, msiulize tu kama ni ya kweli. Ulizeni pia: ni hesabu ya nini?