Kivinjari Kilichokuja na Simu

Kivinjari ni programu inayomfungulia mtu kurasa za intaneti. Kwa wengi wa Makongolosi, mji wa wachimbaji dhahabu, programu hiyo ni Chrome, kwa sababu moja tu: ilikuwemo simuni siku simu iliponunuliwa. Ni aibu, maana watu wa Makongolosi si wa kupokea kila wanachopewa. Mchimbaji akitoka mwaloni hamuuzii dhahabu mnunuzi wa kwanza. Hupima hapa, akapima na pale, akagombea hata sehemu ya kumi ya gramu. Akili hiyo aliyojaaliwa na Mola huiacha wapi anaposhika simu?

Mwenye nguvu mpishe, husema waliokata tamaa. Lakini mwanzoni mwa miaka ya 2000 Internet Explorer, iliyofungashwa pamoja na Windows, ilitumiwa na zaidi ya asilimia 90 ya watu mtandaoni. Firefox ikaja mwaka 2004, Chrome 2008, na Juni 2022 Microsoft yenyewe ikaizika Internet Explorer yake. Leo Chrome imeshika takriban theluthi mbili ya dunia, ikisaidiwa na mbinu ileile ya kuwahi mlangoni. Mwaka 2018 Tume ya Ulaya iliitoza Google faini ya zaidi ya yuro bilioni 4, mojawapo ya makosa likiwa kuwashurutisha watengenezaji wa simu kuiweka Chrome.

Mtumiaji wa Afrika Mashariki akiguswa mfuko huhama, na amekwisha kuhama. Enzi za simu za vitufe alikimbilia Opera Mini, iliyoanzia Norway mwaka 2005: ukurasa ulipitia kwanza kwenye seva za kampuni, ukapunguzwa uzito, ndipo ukaletwa simuni. Bando likadumu. Bandu bandu huisha gogo, na leo gogo la bando linamalizwa na matangazo, ilhali Firefox ya Android inapokea kiongezi cha kuyazuia. Mazoea yana taabu, ndiyo sababu Firefox haijaribiwi.

Mazoea hayohayo yameikalia lugha. Simu huja na Kiingereza, ikabaki na Kiingereza hadi kioo kipasuke, na mzee mwenye heshima zake humwita mjukuu amsomee onyo la wizi wa fedha. Android ina Kiswahili, Chrome nayo inacho! Lugha hubadilishwa kwenye Mipangilio. Na humohumo, kwenye orodha ya programu chaguomsingi, ndimo kivinjari kinamobadilishwa.