Likizo ya Pwani haitibu sonona

Juni ikiingia, Songea hugawanyika makundi mawili: wanaotoa makoti sandukuni na wanaotafuta nauli. Shule zimefungwa, mahindi yanaingia ghalani, na baridi ya asubuhi kutoka milima ya Matogoro humkumbusha kila mtu kwamba ana shangazi Dar es Salaam, Tanga au Mtwara. Asiye na nauli ya kwenda Pwani hushuka Mbamba Bay. Lami siku hizi inafika hadi huko, na kutoka hapa mjini, tulipo zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, hadi ufukwe wa Ziwa Nyasa ulio chini ya mita 500, unalihisi joto kabla hujashuka garini.

Nazipenda safari hizi. Usingizi wa kutosha, kutembea, kucheka na ndugu mliopoteana miaka mitatu, yote hayo ni mema kwa akili. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku 28 za likizo kwa mwaka, na bado wapo wanaozikwepa wakidhani kazi zitasimama. Hazisimami.

Ninachopinga ni sentensi moja ninayoisikia kila msimu: "Daktari, tulimpeleka Dar akapumzishe mawazo." Anayesemwa ni kijana aliyeacha kula mezani na wenzake tangu Februari, au mama aliyejifungua miezi minne iliyopita na sasa analia bila sababu anayoweza kuitaja. Amekwenda, amekaa wiki sita, amerudi vilevile. Ndipo analetwa kliniki.

Imani yenyewe ina mzizi. Tunaamini baridi huleta unyonge, hivyo joto litauondoa. Huko Marekani, mwaka 1984, daktari Norman Rosenthal na wenzake walieleza sonona inayorudi kila majira ya baridi. Lakini kilichohusishwa na hali hiyo ni upungufu wa mwanga, wala si ubaridi wenyewe. London mwezi Desemba hupata mchana wa takribani saa nane tu. Sisi, hata siku fupi kuliko zote mwezi Juni, tuna takribani saa 11 na nusu za mchana. Kwa hiyo mtu wa Songea aliyezama kwenye sonona hajakosa jua. Kumpeleka kwenye jua zaidi ni kumtibu ugonjwa asionao.

Hata kwa watu wazima wa afya, faida ya likizo haikai muda mrefu. Watafiti wa Uholanzi waliofuatilia zaidi ya watu 1,500 na kuchapisha matokeo mwaka 2010 waliona kwamba wanaosubiri safari walikuwa na furaha kuliko wasiosafiri. Baada ya kurudi, wengi hawakuwa na tofauti yoyote na waliobaki nyumbani, isipokuwa wale waliopumzika hasa. Furaha kubwa ilikuwa ya kungojea! Mwenye sonona hana hata hiyo, maana ugonjwa wake huua kwanza hamu ya kungojea chochote.

Nisemapo sonona sina maana ya huzuni ya siku mbili. Ni hali ya moyo kuwa mzito au kukosa ladha ya mambo karibu kila siku, kwa wiki mbili au zaidi, pamoja na usingizi kuvurugika, hamu ya chakula kubadilika, kuchoka, kujilaumu, na wakati mwingine kuwaza kifo. Kwa mtoto wa sekondari inaweza kuonekana kama hasira na kushuka darasani, nanyi mkasema ni utundu. Mgonjwa akitaja kutaka kufa, safari isubiri. Asiachwe peke yake, na apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Fikirini pia mgonjwa huyo anakutana na nini Dar. Nyumba ya watu, joto la usiku, mtaa asioujua, na binamu wanaouliza mbona hacheki. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Naye hana nguvu hata ya kufua shati lake. Linaloniumiza zaidi ni hili: asipopona, anaanza kujihesabia nauli. Baba kauza magunia ya mahindi kwa ajili yangu, na bado sijapata nafuu. Ugonjwa unaomlaumu mtu kwa kila kitu umeongezewa hoja.

Mama aliyejifungua nimtenge kidogo. Kwenda kwa mama yake mzazi akasaidiwe mtoto ni jambo zuri. Lakini kama hawezi kulala hata mtoto akilala, au anaogopa kumshika, aonwe na mtaalamu kabla ya kupanda basi.

Walio kwenye dawa nao wanasafiri, na hapa sisi wahudumu huwa hatusemi vya kutosha. Klopromazini na dawa nyingine za jamii yake huweza kuuvuruga mwili katika kujipoza, na klopromazini huifanya ngozi iungue upesi juani. Amitriptilini na benzeksoli hupunguza jasho. Mtu aliyezoea hali ya hewa ya Songea akitua Dar na dawa hizo anahitaji kivuli na maji mengi. Hahitaji kuacha dawa, kwani kuacha ghafla ndiko kunakowarudisha wengi wodini. Wachache wanaotumia lithiamu wawe waangalifu zaidi, kwa sababu maji yakipungua mwilini dawa hiyo huzidi katika damu na kuwa sumu.

Tangu mabasi yaruhusiwe tena kusafiri usiku mwaka 2023, wengi wanapenda kulala njiani. Kwa mwenye ugonjwa wa baipola, ule wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi, usiku mmoja bila usingizi unaweza kuamsha wazimu wa furaha. Mkatieni tiketi ya mchana, hata kama mtalazimika kulala Iringa.

Aliyerudi kutoka ziwani au Pwani akapata homa, kisha akaanza kuongea ovyo, msianze na mashetani. Apimwe malaria saa hiyo. Na mwenye kifafa asiogelee Mbamba Bay bila mtu mzima ajuaye kuogelea kumkaa kando, hata kwenye maji ya magotini.

Basi mnaojiandaa, piteni kliniki ya afya ya akili kwanza. Hospitali ya rufaa ya mkoa ipo hapa mjini. Ombeni dawa za kutosha siku zote za safari na wiki moja ya ziada, pamoja na karatasi yenye majina ya dawa na vipimo vyake. Dawa zikae kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye buti la basi. Na shangazi aambiwe ukweli kabla mgeni hajafika: anaumwa nini, anameza dawa saa ngapi, na asilazimishwe kwenda ufukweni kila Jumapili kama hataki.