Ruhusa ya Mfalme Si Haki

Tarehe 12 Juni 1754, Chuo Kikuu cha Halle katika dola ya Prusia kilimtunuku Dorothea Christiane Erxleben shahada ya udaktari wa tiba. Alikuwa mwanamke wa kwanza wa Kijerumani kuipata. Wasifu wake husimuliwa kama hadithi ya ushindi: binti mwenye kipaji, mfalme mwenye busara, mlango uliofunguka. Hadithi hiyo ni ya kweli, lakini ikikomea hapo inapotosha.

Dorothea alizaliwa mwaka 1715 katika mji wa Quedlinburg. Baba yake, tabibu Christian Leporin, alimfundisha nyumbani pamoja na kaka yake: Kilatini, sayansi na tiba. Kaka alikuwa na njia ya kwenda chuoni. Dada hakuwa nayo. Akaomba kibali kwa Mfalme Friedrich wa Pili, na mwaka 1741 akakipata. Mwaka uliofuata alichapisha kitabu kilichochambua sababu zinazowazuia wanawake kusoma. Alizipinga moja baada ya nyingine, ikiwemo dai kwamba akili ya mwanamke haiwezi elimu ya juu. Wala hakuwaachia wanawake wenzake wanaojificha nyuma ya shughuli za nyumbani.

Mwaka huohuo aliolewa na mchungaji aliyefiwa na mke, akawalea watoto watano wa mumewe na wanne aliowazaa mwenyewe. Kibali kikakaa bila kutumika. Hata hivyo aliendelea kutibu wagonjwa mjini kwake, hadi mwaka 1753, mgonjwa wake mmoja alipofariki na matabibu watatu wa Quedlinburg wakamshitaki kwa kutibu bila shahada.

Hapa ndipo ukubwa wake unapoonekana. Hakuomba kuhurumiwa, aliomba kutahiniwa. Aliandika tasnifu kwa Kilatini kuhusu hatari ya kumtibu mgonjwa kwa haraka na kwa kumpendeza kupita kiasi, akionya kwamba tabibu anayekimbilia kumridhisha mgonjwa aghalabu humdhuru. Ilikuwa hoja nzito kutoka kwa mtu aliyetuhumiwa kuwa mbabaishaji. Tarehe 6 Mei 1754 alitahiniwa na akafaulu. Alirudi Quedlinburg, akatibu watu wake mpaka alipofariki mwaka 1762.

Sasa tuulize swali ambalo wasifu mwingi hauliulizi: wa pili alikuwa nani?

Kwa zaidi ya karne moja, vyuo vya Prusia vilibaki vimefungwa kwa wanawake. Franziska Tiburtius, aliyetaka kuwa daktari katika karne ya 19, ilimbidi aende Zürich, Uswisi, alikopata udaktari mwaka 1876. Aliporudi na kufungua kliniki Berlin, dola haikumpa leseni ya utabibu. Ni mwaka 1899 ndipo wanawake waliporuhusiwa kufanya mtihani wa taifa wa udaktari nchini Ujerumani, na mwaka 1908 ndipo vyuo vya Prusia vilipowaandikisha kama wanafunzi kamili. Kati ya shahada ya Dorothea na mlango huo ilipita miaka 154.

Sababu si kwamba hapakuwa na wanawake wenye akili. Sababu ni kwamba Dorothea alipewa ruhusa, si haki. Ruhusa ilikuwa na jina lake, na alipoondoka iliondoka naye. Sheria haikuguswa, wala kanuni za vyuo. Mfalme alipata sifa ya kuwa mwenye nuru, na mfumo ukabaki ulivyokuwa. Atakayesema kwamba mfano wake ulifungua njia na aeleze kwa nini Tiburtius alilazimika kuvuka mpaka.

Simbezi mfalme kwa kutoa kibali. Bila hicho Dorothea asingeipata shahada. Ninachopinga ni kuhesabu hisani kuwa mageuzi. Mtawala huona wepesi kumpitisha mmoja, kwa kuwa jambo hilo halimgharimu kitu na huwanyamazisha wanaouliza habari za wengine. Kubadili kanuni ni kazi nyingine: humwondolea yeye mwenyewe uwezo wa kuchagua nani apite.

Kwa hiyo tunapoonyeshwa “wa kwanza” wa jambo lolote, tumpongeze kwa moyo mweupe, kisha tuombe kuiona kanuni iliyobadilika. Isipokuwepo, mlango haujafunguliwa. Mtu mmoja tu ndiye aliyepitishwa.