Elimu ya kuunda gemu: mzazi wa Tabora amjibu nini mwanawe?

Leo napenda tuzungumzie jambo ambalo wazazi kadhaa wa Tabora wamenifikishia kwa maneno tofauti. Mtoto amemaliza kidato cha sita, hisabati ameifaulu vyema, na sasa anataka akasomee chuo kikuu namna ya kutengeneza gemu za kompyuta. Mzazi alitaraji udaktari, uhasibu au ualimu. Mzee mmoja aliniuliza kwa uchungu: "Sheikh, niuze ng'ombe ili mtoto akasomee mchezo?"

Neno hilo "mchezo" ndilo linalotupoteza. Achezaye na aundaye hawafanyi kazi moja, kama vile mla mkate na mwokaji hawako upande mmoja wa tanuri. Katika gemu ya kawaida, kompyuta huichora picha upya mara 60 kwa sekunde moja. Katika kila mchoro, programu husoma kidole cha mchezaji kimebonyeza wapi, hupiga hesabu ya mwendo, ya uzito unaovuta vitu chini na ya vitu viwili vinapogongana, ndipo ichore tena. Yote hayo sharti yaishe kabla ya sehemu ya 16 ya elfu ya sekunde kupita. Kwa hiyo mwanafunzi wa fani hii hushinda na aljebra, jometri, fizikia na mantiki. Na tukitaja aljebra tumemtaja Muhammad bin Musa al-Khwarizmi wa Baghdad, mwanazuoni wa karne ya 9, ambaye jina lake ndilo lililozaa neno algorithimu linalotumiwa leo na kila mwandishi wa programu duniani. Elimu hii basi si mgeni nyumbani kwetu.

Tutazame mfano ulio karibu zaidi, yaani bao. Kwenye mabaraza ya Tabora na Ujiji, kama ilivyo Unguja, wazee hukaa mbele ya mashimo 32 na kete 64. Kila mmoja huanza na kete 10 ubaoni na 22 mkononi, akaingia katika namua, na mpaka kete za mkononi zimalizike ndipo mtaji uanze. Hakuna dadu wala bahati, akili tupu. Mwalimu Nyerere alilipenda bao, na alijulikana kwa hilo. Mtafiti wa Kiholanzi, Alex de Voogt, aliwafuata mabingwa wa Zanzibar, akaandika utafiti wake wa shahada ya udaktari juu ya ubingwa wao na kuuwasilisha Leiden mwaka 1995. Kisha mwaka 2002 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Maastricht, Donkers na Uiterwijk, wakaandika juu ya namna ya kuifundisha kompyuta kucheza bao letu. Huko Ulaya, kazi ya kuligeuza bao kuwa programu ilihesabiwa kuwa elimu ya kuandikiwa makala za kitaaluma. Sisi wenye bao tunauliza kama fani hiyo inafaa kusomewa.

Ama upande wa sheria, wanazuoni wetu hawakuwa kimya. Walipojadili sataranji walitofautiana. Wapo walioiharamisha, na katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu Afrika Mashariki, huhesabiwa kuwa makuruhu maadamu haina kamari, haipitishi wakati wa sala wala haiambatani na maneno machafu. Michezo ya dadu waliikazia zaidi. Utaona kwamba waliangalia kilichomo ndani ya mchezo na kinachoufuata, hawakukamata jina. Kipimo hicho kinatutosha hata kwa gemu ya simu.

Watoto wetu kucheza wanacheza tayari, tupende tusipende. Suala lililobaki ni nani aliyeiandika gemu anayoicheza mwanao usiku huu. Mwaka 2019 walitangazwa washindi wa shindano la XPRIZE, lililokuwa na fedha za tuzo dola milioni 15. Programu zenye michezo ya kufundisha kusoma, kuandika na kuhesabu zilijaribiwa kwa Kiswahili katika vijiji 170 hivi vya mkoa wa Tanga, kwa watoto wapatao 3,000, wengi wao wakiwa hawajawahi kukaa darasani. Tuzo kuu waligawana onebillion, wenye makao Uingereza na kazi Kenya, na Kitkit School ya Korea Kusini na Marekani. Watoto wale walinufaika, na mwenye kutenda wema tumshukuru. Lakini ni Kiswahili, ni Tanga, ni watoto wetu, na waliobeba tuzo kuu wametoka mbali. Hapo ndipo ninapoona hasara ya kumkataza kijana mwenye kipaji.

Wenye hofu nao nawaelewa, na mji wenyewe wa Tabora unanifundisha kuwaelewa. Njia ile ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Ugogo hadi Unyanyembe na kuishia Ujiji, ilipitisha pembe za ndovu na wanadamu waliotiwa minyororo. Njia hiyo hiyo, juu ya mabega ya wapagazi wa Kinyamwezi, ilipitisha nguo, shanga, lugha ya Kiswahili na walimu wa Kurani. Tusijidanganye kwa kuikumbuka Kurani peke yake. Vivyo hivyo katika fani hii: mikono ile ile iandikayo mchezo wa kufundisha kusoma yaweza kuandika mtego.

Na mtego upo, tena unalipa. Miaka ya 2010 kubeti kuliingia ndani ya simu, na leo kijana wa Kitanzania aijuaye kazi hii anaweza kupata mshahara wa haraka kwenye kampuni za kamari kuliko kwenye programu za shule. Mashine za bonanza, mchezo wa kindege kinachopaa hadi kipotee na fedha za watu, yote hayo ameyaandika mtu aliyekaa darasani akafundishwa. Hata gemu zisizoitwa kamari zina visanduku vya bahati, ambavyo mtoto hulipia asijue atapata nini. Ubelgiji iliviingiza katika sheria ya kamari mwaka 2018. Shirika la Afya Duniani nalo limeutambua uraibu wa gemu kuwa maradhi, katika orodha yake iliyoanza kutumika Januari 2022.

Hapo sina mashaka. Kamari imekatazwa waziwazi katika Suratul Maida, na katika mafundisho ya Mtume (S.A.W.) juu ya pombe, lawama haikuishia kwa mnywaji, ilimfikia hata aikamuaye na aibebaye. Mwandishi wa programu ya kamari ni mkamuaji. Mzazi amwambie mwanawe maneno hayo kabla hajapanda treni, wala asingoje siku ya barua ya ajira, kwa sababu siku hiyo kijana atakuwa na njaa na hoja za baba zitakuwa nyepesi.

Sasa niseme ya kutendeka. Atokaye Tabora akashuka Dodoma ataukuta Chuo Kikuu cha Dodoma, ambacho chuo chake cha habari na mawasiliano kimekuwa na masomo ya sayansi ya kompyuta na ya teknolojia ya medianuwai na uhuishaji. Kuna pia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kwa maoni yangu, ni bora aingie kwa mlango wa sayansi ya kompyuta kuliko kutafuta shahada yenye jina la gemu ng'ambo kwa gharama kubwa. Misingi ni ile ile, na soko la gemu likimkataa, benki au hospitali itamhitaji.

Wapo watakaosema kwamba fani hii hujifunzwa bila chuo, na ni kweli kwa baadhi. Lual Mayen, mzaliwa wa familia iliyokimbia vita Sudan Kusini, alikulia katika kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda. Mama yake aliweka akiba miaka mitatu ili amnunulie kompyuta ya dola 300, naye akitembea saa tatu kwenda kuichaji. Alijifundisha mwenyewe, akaunda gemu ya mkimbizi anayetafuta amani, akaiita Salaam, na mwaka 2018 akatambuliwa katika tuzo za kimataifa za gemu. Ila kwa kila Mayen mmoja wapo wengi waliohitaji mwalimu wa hisabati na muda wa miaka mitatu minne.

Kabla ya kujaza fomu, mzazi amtake kijana alete alichokwisha kukiandika, hata kiwe kidogo. Kama hana, ampe kazi: aandike programu ya kete 64 inayojua namua peke yake, izuie hila, na ikubali kuchezwa na babu yake. Miezi miwili inatosha kujua kama anapenda kuunda au anapenda kucheza.