Modeli ya Kuazima Haitatosha Boila Yetu

Wasee, simama kando ya moto wa nyama choma, upepo ukitoka mgongoni mwako. Hewa ya moto inaenda upande ule mwingine, lakini uso wako bado unachomeka. Huo ndio mnururisho: joto linalosafiri bila kubebwa na hewa.

Sasa kuna matanuri ya boila yenye mchanga ndani. Hewa inapulizwa kutoka chini mpaka mchanga unatokota kama uji, halafu fueli inachomekea humo humo, kwa joto la kama nyuzi 800 hadi 900 za Selsiasi. Uzuri wake ni kwamba hayachagui sana: makaa ya mawe duni, vipande vya mbao, hata maganda ya mpunga, yote twende.

Shida yangu ni hesabu. Darasani nimeambiwa mara nyingi, "Hapa tupuuze mnururisho, kazi iwe rahisi." Rahisi kwa nani? Mnururisho hupanda kwa kipeo cha nne cha joto la Kelvini. Ukitoka nyuzi 850 hadi 900 tu, unaongezeka kwa karibu asilimia 19. Hiyo si ya kupuuza, boss.

Tena juu ya ule mchanga hakuna gesi pekee. Kuna majivu laini yanayoruka, na kila chembe inatoa joto, inameza jingine na kutawanya jingine. Ukikosea majivu, umekosea joto linalofika kwenye mabomba ya maji. Mvuke utapungua, ama joto lizidi, majivu yayeyuke na kugandisha mchanga. Hapo tanuri linazimwa, na hasara si ya kompyuta yako.

Wenzetu wa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mashariki ya Kati, Ankara, walielewa hili. Makaa ya mawe ya Uturuki yana majivu mengi, kwa hivyo walijenga tanuri la majaribio la megawati 0.3, wakapima mnururisho ndani yake, wakalinganisha na modeli zao. Hawakubahatisha.

Sisi je? Maganda ya mpunga huacha majivu mengi, karibu moja ya tano ya uzito wake, na sehemu kubwa ni silika. Makapi ya miwa huacha machache sana. Halafu mtu anachukua namba za makaa ya mawe ya watu wengine, anabandika kwa maganda ya Mwea, anaita hiyo utafiti! Nguo ya kuazima haisitiri makalio.

Najua utaniambia hatuna pesa za tanuri la majaribio. Sawa. Lakini kuchoma sampuli, kupima majivu kwa mizani na kuyapitisha kwenye chekeche kujua ukubwa wa chembe, hilo pia limetushinda? Tuanzie hapo. Modeli nzuri huanza na majivu yako mwenyewe.

Wewe unaonaje?