Klorini majumbani: kipimo ndicho kinga, Gitega hata Muyinga

Dawa inayosafisha bwawa la kuogelea la tajiri mjini Gitega ndiyo inayoua vijidudu katika bidoni ya maji ya kunywa ya familia ya Muyinga. Tofauti iko kwenye kipimo, na kipimo hicho mara nyingi huandikwa kwa lugha ambayo anayeitumia dawa haisomi.

Umuhimu wa klorini ulidhihirika tena mwanzoni mwa Januari 2023, wakati Wizara ya Afya ya Burundi ilipotangaza mlipuko wa kipindupindu. Gitega na Muyinga ziko mbali na Ziwa Tanganyika na bonde la Rusizi, ambako maradhi hayo hurejea mara kwa mara. Hata hivyo, umbali huo si kinga. Muyinga iko kwenye barabara ya Kobero, mpakani na Tanzania, na katika eneo lake imo kambi ya Gasorwe, inayohifadhi wakimbizi wa Kongo. Mei 2015, wakimbizi wa Burundi waliokusanyika Kagunga, mkoani Kigoma, walikumbwa na kipindupindu; maelfu waliugua na watu wasiopungua 30 walifariki dunia.

Kwa maji safi ya kunywa, kiasi kinachotumika sana ni miligramu 2 za klorini kwa kila lita, yaani miligramu 40 kwa bidoni ya lita 20. Maji yenye tope huchujwa kwanza kwa kitambaa safi, kisha kiasi hicho huongezwa mara mbili. Bidoni hufunikwa, na maji husubiriwa kwa dakika 30 kabla ya kunywewa. Shirika la Afya Duniani limeweka ukomo wa miligramu 5 kwa lita katika maji ya kunywa.

Hatari huanza pale unga mkali uliotengenezwa kwa ajili ya mabwawa au mitambo ya maji unapofika jikoni ndani ya mfuko usio na maandishi. Unga huo, uitwao haipokloriti ya kalisi, una klorini ya takriban asilimia 65 hadi 70. Kijiko kimoja kidogo chenye gramu 5, kikitiwa katika bidoni ya lita 20, hutoa zaidi ya miligramu 160 kwa lita. Hiyo ni zaidi ya mara 30 ya ukomo uliotajwa. Mama anayepima kwa kijiko, akidhani anawakinga watoto wake, anaweza kuwaunguza koo na tumbo.

Hatari ya pili ni kuchanganya. Javeli, ambayo pia ni dawa ya klorini, ikikutana na siki au dawa ya choo yenye asidi hutoa gesi ya klorini, gesi ileile ambayo jeshi la Ujerumani liliitumia vitani huko Ypres, Ubelgiji, Aprili 1915. Ikikutana na amonia hutoa mvuke mwingine unaodhuru mapafu. Katika choo kidogo kisicho na dirisha, dakika chache zinatosha kumletea mtu madhara.

Wenye mabwawa ya nyumbani nao wana wajibu wao. Klorini ya bwawa hudumishwa kati ya miligramu 1 na 3 kwa lita, na pH kati ya 7.2 na 7.8. Unga hutiwa ndani ya maji; maji hayamwagwi juu ya unga. Aina mbili za klorini hazichanganywi kamwe, kwani zinaweza kuwaka moto. Jua hupunguza nguvu ya dawa, hivyo ni bora kuitia jioni, kisha kupima tena kabla ya mtu yeyote kuingia majini. Harufu kali ya bwawa si ushahidi wa usafi: mara nyingi huonyesha kwamba klorini imeungana na jasho na mkojo wa waogeleaji.

Tangu 2014, lugha rasmi za Burundi ni Kirundi, Kifaransa na Kiingereza. Kiswahili hufundishwa shuleni na husikika sokoni na misikitini, lakini ni nadra kukiona kwenye chupa ya dawa. Muuza duka anayegawa unga katika vifuko vidogo huondoa hata maelezo ya Kifaransa yaliyokuwepo. Hilo linaweza kurekebishwa bila gharama kubwa: wauzaji waache kuuza klorini isiyo na maandishi, na wahudumu wa afya wa jamii wafundishe kipimo kwa Kirundi na kwa Kiswahili.

Kwa sasa, lililo salama kwa familia ni kununua vidonge au dawa ya maji iliyotengenezwa kwa ajili ya kunywa, ikiwa katika pakiti yake, na kuomba usomewe maelezo kabla ya kufungua. Dawa hiyo ihifadhiwe mahali pakavu penye kivuli, mbali na watoto, wala isiwekwe kamwe katika chupa ya soda.