Raga Bongo: tusisubiri timu ipungukiwe mtu

Nilikuwa nimebanwa na kazi za watu, leo nimepata upenyo kidogo na nina jambo linanikereketa kifuani.

Miezi michache iliyopita nilikwenda kutazama mechi ya raga hapa hapa Dar. Ndiyo, raga, ule mpira wenye umbo la papai. Sikwenda kwa mapenzi, nisiwadanganye. Ligi ya soka ilikuwa imesimama kupisha timu ya taifa, na mwandishi wa michezo asiye na mechi ni kama konda asiye na gari. Watazamaji niliwahesabu mwenyewe. Nilipata arobaini na mmoja, nikiwajumlisha wachezaji wa akiba na watoto waliokuwa wakicheza mchezo wao pembeni. Nje ya uzio walisimama vijana watatu wa bodaboda. Mmoja akaniita, "Braza, hawa wanagombea nini?"

Nikajaribu kumweleza. Kila upande watu kumi na watano, mpira unakimbia nao mpaka nyuma ya mstari wa wenzako, unaugusisha chini, unapata pointi tano. Ila kwa mkono huruhusiwi kumpasia mwenzako aliye mbele yako, pasi ni za nyuma au za pembeni tu. Akaniangalia kama mtu anayetaka kumtapeli. "Sasa mnafikaje mbele?" Swali zuri sana hilo, na nitalirudia, maana ndilo swali la mchezo wenyewe katika nchi hii.

Nilirudi ofisini nikaandika maneno kama mia sita hivi. Nilikuwa nimeipenda, siwezi kuficha. Jumapili nafungua gazeti: picha moja, mistari miwili chini yake, na mistari yenyewe inasema vijana wakichuana katika "mpira wa Kimarekani". Nikamfuata mhariri. Mzee yule namheshimu, amenifundisha kazi, lakini jibu lake lilinikata maini: "Kijana, nani anasoma hiyo? Niletee Yanga." Wiki ileile tulitoa ukurasa mzima kuhusu mchezaji wa Simba ambaye huenda angesajiliwa na huenda asingesajiliwa. Hakusajiliwa.

Basi nayaandika hapa.

Kwanza niondoe uongo mmoja ambao na mimi niliuamini, kwamba raga ni mchezo mpya kabisa Tanzania. Hapana. Katika miaka ya 1950 ilikuwapo Afrika Mashariki nzima, ikichezwa na walowezi na maofisa wa serikali ya kikoloni wa Kenya, Uganda na Tanganyika, na kulikuwa na chama cha pamoja na timu ya pamoja. Timu kubwa ya Uingereza na Ireland, wale wanaoitwa Lions, ilipita Nairobi mwaka 1955 ikicheza na Afrika Mashariki, ikarudi tena 1962 na kutuchapa 50 kwa 0. Nasema "kutuchapa" kwa mzaha tu, maana babu yako na babu yangu hawakuwamo. Walikuwa nje ya uzio kama wale vijana wa bodaboda, au ndani wakifyeka majani.

Walowezi walipofungasha virago, kwetu mchezo ulififia pamoja nao. Ulibaki kwenye klabu chache, kisha kwenye shule za kimataifa ambazo ada yake ya muhula mmoja ni mshahara wangu wa sijui miaka mingapi. Zipo timu, tena zinajitahidi: Arusha kuna Rhinos, Dar kuna Leopards. Ninawavulia kofia wanaoziendesha. Lakini ukimsimamisha mtu Kariakoo leo ukamuuliza raga ni nini, uwezekano mkubwa atakuuliza kama inaliwa.

Sasa tuangalie jirani. Kenya walirithi mchezo uleule kutoka kwa watu walewale. Tofauti ni nini? Wapo wanaosema pesa. Mimi sikubali. Tofauti ilianzia madarasani. Shule zao mbili zilizojengwa kwa ajili ya watoto wa Kizungu, Prince of Wales na Duke of York, leo zinaitwa Nairobi School na Lenana. Baada ya uhuru watoto wa Kiafrika waliingia, wakakuta kiwanja, wakakuta mipira, wakakuta na walimu wanaojua. Wakacheza. Walipofika chuo kikuu wakataka kuendelea, na mwaka 1977 Chuo Kikuu cha Nairobi kikawa na timu yake, Mean Machine. Mwaka huohuo ikaundwa Mwamba, klabu ya Waafrika wenyewe, yenye jina la Kiswahili katikati ya majina kama Harlequins na Nondescripts. Hebu fikiria ujasiri huo.

Mwamba hiyohiyo ndiyo waliyoichezea Humphrey Kayange na mdogo wake Collins Injera. Mwaka 2016 Injera alishika rekodi ya dunia ya miguso mingi zaidi katika mashindano ya dunia ya raga ya wachezaji saba, kabla Mwingereza Dan Norton hajampita. Na Aprili mwaka huohuo, kule Singapore, Kenya waliwafunga Fiji 30 kwa 7 kwenye fainali. Fiji! Ni kama timu yetu ya soka iifunge Brazili mabao manne. Miezi minne baadaye Fiji haohao walichukua dhahabu ya Olimpiki kule Rio, medali ya kwanza katika historia ya nchi yao, na nchi nzima haifikishi watu milioni moja. Sisi tunaozidi milioni sitini tunasema hatuna vipaji.

Msinielewe vibaya, Kenya si pepo. Mwaka 2023 timu yao ya wachezaji saba iliteremshwa daraja kutoka mashindano hayo ya dunia, na Kombe la Dunia la watu kumi na watano hawajawahi kulicheza. Mwaka 2022 walifika fainali ya Afrika iliyokuwa tiketi ya kwenda Ufaransa, wakapigwa na Namibia 36 kwa 0. Viongozi wao nao wana visa vyao, kama viongozi wetu wa michezo yote. Lakini Mkenya anapofungwa analalamika barabarani, na hiyo ndiyo dalili kwamba mchezo ni wake. Uganda nao walikuwa mabingwa wa Afrika mwaka 2007, na fainali ya Afrika ya mwaka 2025, Zimbabwe ilipoifunga Namibia 30 kwa 28 na kurudi Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza tangu 1991, ilichezwa Kampala. Si London, ni Kampala, hapo ng'ambo ya ziwa. Ukurasa wetu wa michezo wiki ile sitaki hata kuuzungumzia.

Anayesema raga ni mchezo wa matajiri namwomba aangalie Madagaska. Wamalagasi ni maskini kuliko sisi, hilo halina ubishi. Pale Antananarivo raga ni mchezo wa vitongoji vya watu wa hali ya chini kabisa, inachezwa kwenye viwanja vya vumbi, wengine hawana hata viatu. Mwaka 2012 timu yao, Makis, iliifunga Namibia 57 kwa 54 katika uwanja wa Mahamasina mbele ya watu wapatao 40,000. Arobaini elfu! Mimi nilihesabu arobaini na mmoja.

Mchezo waliletewa na Wafaransa, wakoloni kama wakoloni wengine. Kwa hiyo na ile hoja ya kwamba huu ni mchezo wa Kizungu mtu asiniletee, hasa akiwa amevaa jezi ya Arsenal.

Nirudi kwa yule kijana niliyekusudia kumwandikia tangu mwanzo, maana hiki nilichokiandika hadi sasa mngeweza kukipata popote.

Siku ile kiwanjani kulikuwa na mchezaji mmoja wa pembeni, mwembamba, ana mbio za swala. Alifunga miguso miwili. Baada ya mechi nikamfuata. Anakaa Mbagala, anaendesha bodaboda, njumu zake amenunua mtumbani na ya kushoto imeshonwa na fundi viatu. Nikamuuliza alianzaje, nikitegemea kusikia habari ya mwalimu fulani au mradi fulani. Akacheka. Alikuwa amemleta abiria kiwanjani, akasubiri apate wa kurudi naye. Timu moja ikapungukiwa mtu. Mzungu mmoja akamwita, "Wewe, unaweza kukimbia?" Akavua koti la bodaboda akaingia.

Wadau, kwa kijana yule huo ndio ulikuwa mpango mzima wa taifa wa kumtafuta: timu kupungukiwa mtu.

Wangapi wanapita pale nje kila Jumamosi wakiwa na abiria wa kuwahi? Msichana wa Temeke mwenye kifua cha kukimbia na nguvu za kumwangusha mtu atapungukiwa na timu gani ili aitwe? Wasichana wa Kenya walicheza Olimpiki Rio, wakacheza tena Tokyo. Wa kwetu mpaka leo tunawaambia netiboli inawatosha.

Maoni yangu ni haya. Wanaoipenda raga hapa nchini wanapoteza nguvu wakifukuzia mashindano ya wikiendi moja yenye mabango na picha na mgeni rasmi. Mgeni rasmi hachezi. Wachague shule za serikali kumi tu, za kata, Mbagala na Buza na kule Arusha na Moshi, wawape walimu wa michezo mafunzo ya kweli na mipira ya kutosha, kisha wakae hapohapo miaka mitano bila kuhamahama. Siku raga itakapopewa nafasi kama netiboli kwenye UMISSETA, hutahitaji kumweleza dereva wa bodaboda mchezo huu unafikaje mbele. Atakueleza yeye, maana mdogo wake anacheza. Kule kwenye michezo ya shule za Afrika Mashariki raga imo, na wenzetu wanapeleka watoto waliolelewa ndani yake.

Kuna mtu atasema mchezo wenyewe ni wa hatari. Atakuwa amesema kweli, na hapa sitaki kupamba. Steve Thompson, aliyekuwa kwenye timu ya England iliyotwaa Kombe la Dunia mwaka 2003, alitangaza mwaka 2020 kwamba ana ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na kwamba hakumbuki kulitwaa kombe lile. Chanzo ni kugongwa kichwa miaka na miaka. Ndiyo maana nasisitiza walimu waliofundishwa. Mtoto anaanza na raga ya kuchomoa utepe kiunoni, hakuna kuangushana, halafu anafundishwa kuangusha mtu kwa bega huku kichwa kikiwa pembeni, hatua kwa hatua. Anayeokotwa ukubwani kwa sababu timu imepungukiwa haya yote hapati.

Kijana wangu wa Mbagala hakuyapata. Wiki tatu baada ya mimi kumwona alimkaba jitu la kilo mia moja na ushee kwa mkono mmoja, bega likachomoka. Hakukuwa na daktari kiwanjani. Alipelekwa hospitali na bodaboda yake mwenyewe, ikiendeshwa na mwenzake. Matibabu alilipa yeye. Bima hana. Akakaa wiki sita bila kuendesha, na pikipiki si yake, ina hesabu ya kila siku, hivyo tajiri akampa mtu mwingine. Klabu ilimchangia kidogo, sitaitaja, nayo ni watu wanaochangishana hata pesa ya kukodi kiwanja. Sijui nimlaumu nani, lakini mtu mmoja amepoteza kazi kwa mchezo ambao gazeti langu liliuita wa Kimarekani.

Juzi nilimpigia. Ameshapata pikipiki nyingine, ya mkataba, bega linauma asubuhi tu. Nikajua ataniambia amekoma. Akaniambia, "Kaka, Jumamosi tunacheza, utakuja?" Nikamuuliza kama hana akili. Akasema sasa hivi kuna jamaa anawafundisha namna ya kukaba, na yeye amewaleta madereva wawili wa kijiweni kwake, mmoja ana mbio kuliko yeye. Shida ni kwamba huyo mmoja anacheza pekupeku.

Nitakwenda. Mhariri nimemwomba nafasi, amesema tutaona kama Yanga hawatacheza. Na mdau yeyote mwenye njumu namba 43 asizozitumia, aniandikie.